Kuku mmoja na nusu, yai moja na nusu: ulinganisho wa njia tano za kufumbua mafumbo ya viwango

Ikiwa kuku mmoja na nusu hutaga yai moja na nusu kwa siku moja na nusu, je, kuku sita watataga mayai mangapi kwa siku sita?

Wengi wakilisikia fumbo hili mara ya kwanza hujibu sita. Wengine, waliokwisha kushituka kwamba kuna mtego, hujibu thelathini na sita: kama ni moja na nusu kila mahali, basi kuku mmoja hutaga yai moja kwa siku moja, na sita mara sita ni thelathini na sita. Jibu ni 24. Kuhusu jibu hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye njia ya kulifikia, kwa kuwa kila mtu ana njia aliyofundishwa na huiona ndiyo yenyewe, na akikutana na mwenye njia nyingine humwona anazunguka bure.

Hapa nazilinganisha njia tano. Zote ni sahihi, na zote hutoa 24. Zinatofautiana katika mahali zinapokupa nafuu na mahali zinapokutega. Ili mizani iwe moja, kila njia nimeipima kwa mafumbo matatu yaleyale:

Kuku. Kama lilivyo hapo juu. Linauliza mazao. Jibu: mayai 24.

Paka. Paka 6 huua panya 6 kwa dakika 6. Wanahitajika paka wangapi kuua panya 100 kwa dakika 50? Hili Lewis Carroll, aliyekuwa mwanahisabati kabla ya kuwa mtunzi wa hadithi, alilichambua kwa maandishi mwaka 1880. Linauliza watendaji, si mazao. Jibu la hesabu: paka 12. (Jibu la paka wenyewe ni jambo jingine, tutalifikia.)

Mabomba. Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa 3, la pili hulijaza kwa saa 6. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi? Hapa kuna viwango viwili vinavyofanya kazi bega kwa bega. Jibu: saa 2.

## Vigezo

Cha kwanza ni maana. Ukisimamishwa katikati ya hesabu, je, unaweza kusema kwa maneno namba uliyoishika ni ya nini? Njia isiyokuruhusu kusema hivyo haikuonyeshi ulipokosea.

Cha pili ni sehemu: nusu, theluthi, na kugawanya kitu kwa nusu. Watu wengi wanaodai hawaelewi mafumbo ya viwango wanayaelewa vizuri tu; kinachowaangusha ni kugawanya 1½ kwa 1½.

Cha tatu, swali likigeuzwa. Leo umeulizwa mayai, kesho utaulizwa kuku, keshokutwa siku. Je, njia inastahimili, au unalazimika kuanza upya?

Cha nne, kichwani. Je, inawezekana bila kalamu?

Wepesi sijauweka miongoni mwa vigezo. Njia uliyoizoea ndiyo nyepesi kwako, na mazoea hayalinganishwi.

## 1. Kushuka hadi kimoja

Hii ndiyo inayofundishwa zaidi shuleni: tafuta kinachofanywa na mmoja, kisha panda hadi idadi unayoitaka.

Kuku 1½ hutaga mayai 1½ kwa siku 1½. Basi kuku 1 hutaga yai 1 kwa siku 1½. Basi kuku 1 kwa siku 1 hutaga ⅔ ya yai. Kuku 6 kwa siku 1 hutaga mayai 4. Kuku 6 kwa siku 6 hutaga mayai 24.

Tazama mstari wa pili: kuku wamepungua, mayai yamepungua, siku hazijaguswa. Lile kosa la 36 huzaliwa hapo hapo, mtu anapopunguza vitu vitatu kwa mkupuo mmoja. Kuku akiachwa peke yake hapati haraka ya ziada. Yai lake bado linamchukua siku moja na nusu. Kanuni ya njia hii ni kwamba kila mstari unabadilisha vitu viwili tu, na cha tatu kinakaa palepale. Anayeifuata bila kuruka mstari hakosei. Anayeruka, hata awe hodari vipi, siku moja atanaswa.

Maana. Hapa haina mpinzani. Kila mstari ni sentensi kamili inayoweza kusomwa kwa sauti na kuhojiwa.

Sehemu. Ni udhaifu wake mkubwa. Kushuka hadi kimoja karibu kila mara hukupitisha kwenye theluthi ya yai au robo ya mtu. Kwenye paka: paka 1 huua panya 1 kwa dakika 6, kwa hiyo kwa dakika 50 huua panya 8⅓, kisha ugawanye 100 kwa 8⅓. Jibu ni 12 lakini wengi hawafiki.

Swali likigeuzwa. Inastahimili, kwa gharama ya mistari mingi zaidi.

Kichwani. Kwa namba nzima, ndiyo. Kwa nusu na theluthi, si rahisi.

Kwenye mabomba inang'aa: la kwanza hujaza ⅓ ya tangi kwa saa, la pili ⅙, pamoja ni ½, basi saa 2. Sababu ni kwamba viwango vya saa moja vinajumlishika, ilhali muda haujumlishiki. Anayejumlisha saa 3 na saa 6, au kutafuta wastani wake, amejumlisha visivyojumlishika.

Inamfaa anayeanza, anayefundisha anayeanza, na yeyote anayetakiwa kuonyesha hatua zote kwenye mtihani.

## 2. Kukuza

Usishuke popote. Anza na ulichopewa, ukikuze mpaka kifikie ulichoulizwa.

Kutoka 1½ hadi 6 ni mara nne. Kuku mara nne: kuku 6 hutaga mayai 6 kwa siku 1½. Siku mara nne: kuku 6 hutaga mayai 24 kwa siku 6. Basi. Hakuna theluthi, hakuna kugawanya kwa nusu. Yule nusu-kuku wa kuchekesha anatoweka kwenye hatua ya kwanza.

Kwenye paka ni nzuri vilevile. Paka 6 kama kundi huua panya 6 kwa dakika 6, yaani panya mmoja kila dakika. Dakika 50, panya 50. Unataka 100? Ongeza paka mara mbili: 12. Linganisha na 8⅓ ya njia iliyotangulia uone tofauti.

Mabomba nayo: usiulize saa moja, uliza saa sita. Kwa saa sita bomba la kwanza lingejaza matangi mawili, la pili tangi moja. Matangi matatu kwa saa sita. Tangi moja kwa saa mbili.

Maana. Safi kabisa, kwa sababu kila hatua ni hali inayowezekana kutokea.

Sehemu. Huzikwepa, mradi namba zikubali. Hapo ndipo penye tatizo. Waulize kuku 7 kwa siku 10: kutoka 1½ hadi 7 ni mara 4⅔, kutoka 1½ hadi 10 ni mara 6⅔, na ule uzuri wote umekwisha. (Jibu ni mayai 46⅔, ambalo kuku hawezi kulitaga; watunzi wa mafumbo kwa kawaida huchagua namba zinazokubali.)

Swali likigeuzwa. Inategemea jicho lako. Lazima uone mzidisho wa kuanzia, na hakuna anayekuonyesha.

Kichwani. Ndiyo bora kuliko zote.

Kuna swali moja maarufu ambalo linaonyesha nguvu yake. Mwaka 2005 mtafiti Shane Frederick alichapisha jaribio fupi la maswali matatu la kupima kama mtu hulihoji jibu la kwanza linalomjia. Mojawapo linasema: mashine 5 hutengeneza vifaa 5 kwa dakika 5, mashine 100 zitatengeneza vifaa 100 kwa dakika ngapi? Ulimi unataka kusema 100. Kwa kukuza, mashine zimekuwa mara ishirini, vifaa vimekuwa mara ishirini, basi muda haukuguswa: dakika 5. Mstari mmoja.

Inamfaa mwenye jicho la namba, na mtu aliyeulizwa fumbo mdomoni bila karatasi. Haimfai anayetaka utaratibu wa kufuata, kwa sababu njia hii haina utaratibu wa kuandikwa ubaoni.

## 3. Siku-kuku

Hapa unaunda kipimo kipya. Kuku mmoja akifanya kazi siku moja, hiyo ni siku-kuku moja. Kuku wawili kwa siku tatu ni siku-kuku sita, sawa na kuku sita kwa siku moja. Wanaopanga kazi za ujenzi hutumia wazo hilohilo wanapohesabu siku za mafundi.

Kuku 1½ kwa siku 1½ ni siku-kuku 2¼, na zimeleta mayai 1½. Kwa hiyo yai moja hugharimu siku-kuku 1½. Kuku 6 kwa siku 6 ni siku-kuku 36. Gawa kwa 1½: mayai 24.

Paka: dakika-paka 36 kwa panya 6, yaani dakika-paka 6 kwa kila panya. Panya 100 wanagharimu 600. Una dakika 50: paka 12. Sioni njia nyingine inayolimaliza fumbo hili kwa utulivu namna hii.

Maana. Huchelewa kuingia akilini, kisha hukaa moja kwa moja. Kinachosumbua mwanzoni ni kuzidisha kuku kwa siku, vitu viwili visivyofanana. Ukishakubali kwamba huo ni ujazo wa kazi, fumbo zima linageuka kuwa swali la gharama: kimoja kinagharimu kiasi gani, nami ninacho kiasi gani?

Sehemu. Hupungua lakini haziishi. Bado uligawanya kwa 1½.

Swali likigeuzwa. Ndiyo ngome yake. Ukiulizwa kuku, siku au mayai, gharama ya yai ni ileile 1½. Mfano: wanahitajika kuku wangapi kutaga mayai 12 kwa siku 9? Mayai 12 ni siku-kuku 18, gawa kwa siku 9, kuku 2. Tena ile hofu ya kujua kama uwiano ni wa moja kwa moja au wa kinyume haipo kabisa. Siku zikiongezeka, kuku watapungua wenyewe kwa sababu jumla ya kazi haibadiliki.

Kichwani. Inawezekana, ukiwa umeizoea.

Kwenye mabomba inahitaji ujanja kidogo, kwa kuwa mabomba mawili si ya nguvu moja. Bomba la kwanza ni sawa na mawili ya pili. Basi hesabu kila kitu kwa bomba dogo: tangi linagharimu saa 6 za bomba dogo, nawe ni kama una mabomba madogo matatu. Saa 2. Inafanya kazi, ila lazima ufikirie kulibadilisha bomba kubwa kuwa madogo, na si kila mtu atafikiria.

Inamfaa anayekutana mara kwa mara na mafumbo ya watu, siku na kazi, na hasa yule anayejijua kuwa hukosea kwenye uwiano wa kinyume.

## 4. Jedwali la uwiano

Panga ulichopewa na ulichoulizwa katika safu mbili, kisha zidisha na ugawanye kwa kanuni. Ni njia kongwe iliyosafiri sana. Aryabhata wa India aliiandika kanuni ya namba tatu (tatu zinajulikana, ya nne inatafutwa) mwaka 499, na Brahmagupta, mwaka 628, akaipanua hadi namba tano, saba, tisa na kumi na moja. Fumbo la kuku ni la namba tano: tatu za sharti, mbili za swali.

Safu ya kushoto weka kuku 1½, siku 1½, mayai 1½. Ya kulia weka kuku 6, siku 6, na nafasi tupu ya mayai. Yahamishe mayai ya kushoto yaende kulia. Sasa kulia kuna 6 × 6 × 1½, ambayo ni 54. Kushoto kuna 1½ × 1½, ambayo ni 2¼. Gawa 54 kwa 2¼: 24.

Maana. Hakuna, na heri isemwe wazi. Hiyo 54 ni ya nini? Si kuku, si siku, si mayai. Ni namba ya njiani tu. Aliyebuni kanuni alijua kwa nini inafanya kazi. Anayeitumia halazimiki kujua, na hiyo ndiyo faida yake na ndiyo hatari yake.

Sehemu. Huzikusanya zote mwishoni, mahali pamoja, ambapo mara nyingi hufutana. Kwa mwenye kikokotoo au mkono mwepesi wa kukata namba juu na chini, ni nafuu kubwa.

Swali likigeuzwa. Hapa ndipo penye shimo. Kwenye paka lazima uamue mwenyewe mwelekeo wa kila kipimo. Panya wakiongezeka, paka wanaongezeka: 100 juu, 6 chini. Dakika zikiongezeka, paka wanapungua: 6 juu, 50 chini. Kwa hiyo 6 × 100/6 × 6/50, jibu 12. Ukisahau kugeuza dakika utapata 6 × 100/6 × 50/6, yaani paka 833 na theluthi, na jedwali halitakuonya.

Kichwani. Hapana.

Kwenye mabomba jedwali halina mahali pa kushika. Viwango viwili vya kujumlisha haviingii kwenye safu.

Pamoja na hayo nisingeidharau. Swali lenye vipimo vitano au sita, tuseme watu, siku, saa kwa siku, urefu, upana na kina cha handaki, huchosha kwa njia ya kushuka hadi kimoja. Jedwali hulimaliza kwa mstari mmoja mrefu.

Inamfaa mwenye mtihani wa muda mfupi na maswali ya sura moja, aliyekwisha kuelewa kwa njia nyingine kinachoendelea.

## 5. Herufi

Andika sheria yenyewe. Mayai ni idadi ya kuku mara siku mara kiwango:

M = k × K × S

Weka sharti: 1½ = k × 1½ × 1½, kwa hiyo k = ⅔. Weka swali: M = ⅔ × 6 × 6 = 24.

Maana. Imo, lakini imefichwa ndani ya k. Ukiikumbuka kuwa ni mayai kwa kuku kwa siku, umeshinda. Wengi huiacha iwe herufi tupu, na hapo haina tofauti na jedwali.

Sehemu. Hujitokeza mara moja, kwenye k, kisha unaibeba.

Swali likigeuzwa. Haijali. Paka: 6 = k × 6 × 6, k = ⅙; 100 = ⅙ × P × 50; P = 12. Mabomba: ⅓ + ⅙ = 1/T; T = 2. Mlinganyo ni uleule, ila kisichojulikana kimehama.

Kichwani. Kwa wachache.

Inamfaa aliyezoea aljebra, na mtu ambaye fumbo lake limeanza kutoka nje ya kawaida: kuku wa aina mbili, mfanyakazi anayeondoka katikati, bomba linalovuja. Kwa fumbo la kuku peke yake ni silaha kubwa kuliko windo.

## Kiwango kisipotulia

Njia zote tano zimesimama juu ya dhana moja ambayo fumbo huwa halisemi: kwamba kiwango hakibadiliki, na kwamba watendaji wakiongezeka kazi inaongezeka kwa kadiri ileile. Dhana hiyo ikiondoka, njia zote zinaanguka pamoja. Wanakwaya 20 huimba wimbo kwa dakika 4. Wanakwaya 40 watauimba kwa dakika ngapi? Nne. Hakuna jedwali wala herufi itakayokwambia hivyo.

Paka wa Carroll wana utata wa aina nyingine, na yeye mwenyewe aliuliza: je, kila paka ana panya wake na humwua kwa dakika sita, au paka wote sita humvamia panya mmoja na kummaliza kwa dakika moja? Kama wanavamia pamoja, paka 12 ni makundi mawili, na panya 100 wanaisha dakika ya 50 kamili. Lakini kama kila paka yuko peke yake, kwa dakika 50 atawamaliza panya 8 na wa tisa atakuwa bado anahangaika naye. Paka 12 ni panya 96. Utahitaji paka wa kumi na tatu. Njia ya kwanza ilikuonyesha 8⅓ waziwazi, na aliyeisoma kwa makini angeshituka. Njia ya nne isingekuonyesha kitu.

Mfano mzuri kuliko wote umo katika kitabu cha aljebra cha Isaac Newton kilichochapishwa mwaka 1707. Maksai 12 humaliza malisho ya ekari 3⅓ kwa wiki 4. Maksai 21 humaliza ekari 10 za malisho kama hayo kwa wiki 9. Maksai wangapi watamaliza ekari 24 kwa wiki 18? Mtego ni kwamba majani yanaendelea kuota wakati maksai wanakula.

Kwa kawaida hutatuliwa kwa herufi: moja ya majani ya mwanzo, nyingine ya yanayoota kila wiki, nyingine ya anachokula maksai mmoja. Lakini jaribu kwa kipimo cha njia ya tatu, wiki-maksai. Sharti la kwanza: 12 × 4 = 48 kwa ekari 3⅓, yaani 14.4 kwa ekari. Sharti la pili: 21 × 9 = 189 kwa ekari 10, yaani 18.9 kwa ekari. Gharama ya ekari moja haikulingana! Kutolingana huko ndiko kuota kwenyewe: wiki tano za ziada zimeongeza 4.5, sawa na 0.9 kwa wiki. Kutoka wiki 9 hadi 18 ni wiki tisa zaidi, ongeza 8.1, upate 27 kwa ekari. Ekari 24 ni wiki-maksai 648. Gawa kwa 18: maksai 36. Bila herufi hata moja.

Ukipewa masharti mawili badala ya moja, basi, yapime yote mawili kabla ya kujibu. Yakikupa kiwango kimoja, endelea na njia uliyoichagua. Yakitofautiana, usidhani umekosea. Huenda mtunzi amekuficha kitu.

## Kwa hali yako

Unamfundisha mtoto. Anza na kushuka hadi kimoja, mstari kwa mstari, kwa namba nzima kwanza. Akiwa amezoea, mpe kuku mmoja na nusu kwa njia ya kukuza, aone nusu zinavyotoweka. Jedwali liache kwa baadaye. Ukimpa mapema atalipenda kwa kuwa ni fupi, na hatauliza tena kwa nini.

Una mtihani karibu na huna muda wa kujifunza kipya. Baki na njia uliyonayo. Ongeza zoezi moja tu: ukimaliza, jiulize kama jibu linaelekea kunakotakiwa. Dakika zimeongezeka na paka nao wameongezeka? Panya wameongezekaje?

Unaanguka kwenye sehemu. Kukuza kwanza, siku-kuku namba zikikataa. Au ziondoe nusu tangu mwanzo: badala ya kuku 1½, sema kuku 3 hutaga mayai 3 kwa siku 1½, kisha mayai 6 kwa siku 3. Huo ni ukweli uleule kwa namba nzima, na kutoka hapo njia yoyote ni laini.

Unachanganya uwiano wa moja kwa moja na wa kinyume. Siku-kuku, bila kufikiri mara mbili.

Swali lina viwango tofauti vinavyofanya kazi pamoja. Kushuka hadi kimoja kama ni viwili na namba ni rahisi. Herufi kama ni vitatu, au kimoja kinavuta nyuma kama bomba linalovuja.

Umeulizwa barazani, watu wanasubiri. Kukuza. Ukikwama, omba urudiwe swali polepole, uhesabu ni vitu vingapi vimebadilika kati ya sharti na swali. Mara nyingi kimojawapo hakijabadilika kabisa, na hapo jibu huwa limekwisha kujisema.

Umepata jibu lakini huliamini. Lirudie kwa njia isiyo ya jamaa moja na ya kwanza. Kushuka hadi kimoja na herufi hukaguana vibaya, kwa kuwa zote mbili hupita kwenye ⅔ ileile na kosa la mahali hapo litajirudia. Kukuza hakupiti hapo kabisa.